Barafu ya Lewis na Mizigo ya Wengine

Kabla sijapanda Mlima Kenya, guka aliniuliza swali moja tu. Hakuuliza kama nina viatu vya maana. Hakuuliza kama naogopa. Aliuliza, "Ile barafu ya upande wa Naro Moru, bado iko?"

Guka ana miaka themanini na kitu. Magoti yalimwisha zamani, lakini miaka ya sabini alikuwa mpagazi. Alibebea wazungu waliokuja kupima barafu. Alibeba mahema, masanduku ya vyombo, mafuta ya taa, na vijiti virefu vya kuchomeka kwenye barafu ili wakirudi waone imeyeyuka kiasi gani. Yeye huiita ira, neno lile lile letu la chokaa nyeupe. Anasema usiku ulikuwa unaisikia ikilia, ikipasuka huko ndani, na wapagazi wageni walikuwa wakiamka kuomba.

Nilimwambia nitaangalia. Sikuwa napanda kama mtalii, hilo lieleweke. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, nikisomea historia, karo ilipotushinda pale nyumbani. Nilikuwa naandika makala za hapa na pale, wengine wanalipa, wengine wanakuambia subiri mwisho wa mwezi, na huo mwezi hauishi. Binamu yangu ni mpagazi. Akanipigia simu jioni moja: kuna wageni watatu, mtu mmoja amekuwa mgonjwa, unaweza kubeba? Nikasema naweza. Akacheka. "Msomi, kilo 18 si kitabu."

Ilikuwa kweli. Kutoka lango la hifadhi, kwenye mita 2,400 hivi, hadi kituo cha zamani cha hali ya hewa, nilikuwa bado naongea. Siku ya pili, kwenye kile kinamasi kinachopanda wima, nilinyamaza. Matope yanakuvuta mguu, unautoa, unauzamisha mwingine, na mzigo mgongoni unakukumbusha kila kosa ulilofanya maishani. Tulipofika Bonde la Teleki, mawingu yakafunguka na vilele vikajitokeza, vyeusi, vyenye weupe kidogo kwenye mabega.

Jioni hiyo kambini nilimuuliza binamu majina ya tulivyoviona. Alikuwa anayajua yote, kama mtu anayetaja vituo vya matatu. Hili ni Bonde la Teleki. Hapa tulipolala ni Kambi ya Mackinder. Ile ni barafu ya Tyndall, kule ni Darwin, na ile kubwa ni Lewis. Kisha akasema, "Hapa kila jiwe lina mwenyewe." Nikamuuliza, na kuna la mtu wa kwetu? Akafikiria. "Batian, Nelion, Lenana. Lakini hao ni Wamaasai, na aliyewapa ni Mackinder."

Sikulala vizuri usiku huo. Sehemu ni baridi, sehemu ni ule urefu kutoka baharini unaokugonga kichwa. Sehemu ni kwamba nilikuwa nimeshasoma habari za huyu Mackinder, na sasa nilikuwa nimelala ndani ya jina lake.

Tuanze nyuma kidogo. Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliuona mlima huu akiwa Ukambani, upande wa Kitui. Alikuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba ambaye misafara yake ilifika pwani. Kivoi ndiye aliyemwambia kuna mlima mkubwa zaidi wenye kitu cheupe juu. Jina "Kenya" tunalobeba kwenye pasipoti lilitoka kwenye matamshi ya Wakamba, likapita kwenye sikio la Krapf, likaingia kwenye ramani. Mwenzake Johannes Rebmann alikuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro mwaka uliotangulia, 1848. Kule London wataalamu wa ramani wakawacheka wote wawili. William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili, alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Maneno ya Kivoi na watu wake waliouona mlima huo kila asubuhi hayakuhesabiwa hata kidogo. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa akiwa safarini na Krapf kuelekea mto Tana. Hakuna kilele chenye jina lake.

Baadaye wakaja wengine. Joseph Thomson aliuona mlima kutoka Laikipia mwaka 1883, na ubishi ukaisha. Teleki, mtu wa ukoo wa kikabaila kutoka Hungaria, alipanda sehemu kubwa mwaka 1887. Mwaka 1893 mwanajiolojia J. W. Gregory alifika kwenye barafu yenyewe. Wapagazi wake walikuwa watu wa pwani, na Gregory anasimulia jinsi walivyoshtuka asubuhi kukuta maji ya sufuria yamegeuka kitu kigumu. Walisema yamerogwa. Katika vitabu hiyo ni hadithi ya kuchekesha. Mimi niliisoma nikiwa chuoni na nikacheka pia. Asubuhi ile kambini, nilipotoka nje na kukuta maji ya ndoo yameganda hadi katikati, sikucheka tena. Nilikuwa na jaketi ya mtumba yenye manyoya, soksi mbili, na bado vidole vilikuwa havinisikii. Wale walikuwa watu waliozoea joto la Zanzibar na Mombasa, na walikuwa wamefika hapo na mzigo kichwani.

Halafu, mwaka 1899, Halford Mackinder. Wanaosoma siasa za dunia wanamjua kwa mhadhara wake wa 1904 kuhusu anayetawala kitovu cha Ulaya na Asia. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa jiografia pale Oxford aliyetaka kuonyesha kwamba mtu wa somo lake si wa kukaa na ramani tu. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwezi Mei mwaka huo. Mwishoni mwa Julai akaondoka Nairobi na msafara wa watu 170: Wazungu 6, Waswahili 66, Wamaasai 2 wa kuongoza njia, na Wakikuyu 96. Tarehe 13 Septemba, yeye na waongozaji wawili kutoka milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, wakafika kilele cha Batian, mita 5,199.

Hiyo ndiyo sehemu iliyo kwenye vibao. Ile nyingine ni hii. Mwaka huo ulikuwa wa njaa. Wakikuyu waliuita Ng'aragu ya Rũraya, Wakamba wakauita Ngomanisye, na pamoja na njaa kulikuwa na ndui. Msafara wa watu 170 ukaingia katika nchi ambayo watu wenyewe walikuwa wanakufa kwa kukosa chakula, ukitafuta chakula. Waswahili wawili waliotumwa kukitafuta waliuawa na wenyeji. Na katika orodha ya wapagazi iliyobaki kwenye makaratasi ya safari ile, majina manane yana maelezo mafupi pembeni: walipigwa risasi kwa amri. Maneno machache tu. Wanahistoria wamebishana ni nani aliyetoa amri na kwa kosa gani. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza, kwenye simu, usiku, stima imepotea, nilirudia mistari ile mara tatu nikidhani sijaelewa.

Sasa tazama barafu zilivyopewa majina. Lewis ni Henry Carvill Lewis, mwanajiolojia Mmarekani aliyefariki mwaka 1888. Hakuwahi kuuona mlima huu. Tyndall na Darwin pia hawakuwahi kufika. Lakini kuna barafu mbili ndogo upande wa kaskazini-magharibi zinazoitwa César na Joseph. Hao ni wale waongozaji wawili wa Alps. Kumbe basi mtu aliyelipwa kufanya kazi mlimani aliweza kupewa barafu. Iliwezekana. Haikufanyika tu kwa wale Waswahili 66 na Wakikuyu 96.

Saa tisa usiku tuliwaamsha wageni, tukawapa chai ya tangawizi, tukaanza kupanda kwa tochi. Changarawe inateleza. Hatua mbili mbele, moja nyuma. Saa kumi na mbili na dakika ishirini tulikuwa Lenana, mita 4,985, na jua likatoka upande wa Meru kama mtu anayefungua mlango wa jiko. Wageni wakakumbatiana. Mmoja akanipa simu nimpige picha. Nikampiga nyingi, na baadaye nikagundua kwamba katika safari nzima mimi niko kwenye picha moja, na ndani yake unaona mzigo, miguu miwili, na kofia.

Juu ya mlima huu Kisoi Munyao alipandisha bendera yetu uhuru ulipoingia, Desemba 1963. Sisi wote tuliipita picha yake kwenye vitabu vya shule ya msingi. Nilimkumbuka pale kwa sababu za kawaida kabisa: nilishangaa jinsi alivyoweza kufungua kitambaa kwa vidole katika baridi ile.

Tuliposhuka kwenye kibanda, wageni wakaketi kunywa uji. Binamu akaniambia, njoo uone kitu cha guka. Tukashuka kwenye mawe hadi kwenye ziwa dogo lililo chini ya barafu ya Lewis. Maji yake ni ya kijani kibichi, mazito kidogo kwa sababu ya unga wa mawe. Usiku yalikuwa yameganda juu, na sasa jua lilikuwa limevunja ule utando. Vipande vilikuwa vinaelea, vingine vyembamba kama kioo cha dirisha, vingine vinene vilivyoanguka kutoka juu, vyenye changarawe ndani. Vikigusana vilitoa mlio mdogo, kama vikombe vikioshwa. Upepo ukivisukuma, vyote vinasogea pamoja kuelekea upande wetu, vinasimama, vinarudi.

Mgeni mmoja alikuwa ametufuata. Akatazama, akatoa simu, akatuonyesha picha zake za Jökulsárlón kule Aisilandi. Lo! Pale vipande si vya kioo cha dirisha. Ni milima. Siwa barafu za bluu, kubwa kama nyumba za ghorofa, zinaelea kwenye wangwa unaofungukia baharini, na watu wako kwenye mashua katikati yake. Alisema kwa upole, hakuwa na ubaya, "Nilidhani hapa pia patakuwa hivyo."

Nilirudi nyumbani nikasoma kuhusu wangwa huo, na hapa ndipo jambo hili lilipobadilika kwangu. Nilikuwa nafikiri ile ni mali ya kale, imekuwepo tangu Mungu aumbe baridi. Sivyo. Jökulsárlón ilianza kuwa ziwa miaka ya 1930, barafu ya Breiðamerkurjökull iliporudi nyuma na kuacha shimo. Leo shimo hilo lina kina cha zaidi ya mita 240, ndilo ziwa lenye kina kirefu kuliko yote kule. Kabla ya hapo mambo yalikuwa kinyume: miaka ya 1600 hadi 1800 barafu ile ilikuwa inasonga mbele, ikameza mashamba, likiwemo la Breiðá, ambalo linatajwa katika masimulizi yao ya kale. Kwa hiyo watu wa pale wanaikumbuka barafu kama kitu kilichofukuza babu zao, na sasa kinachokimbia mbele ya wajukuu.

Na kiziwa chetu? Hadithi ni ile ile. Mackinder alipopita mwaka 1899 hapakuwa na ziwa pale. Palikuwa na barafu, tena ilishuka chini zaidi ya pale tuliposimama. Ziwa lilizaliwa katika karne ya 20, barafu iliporudi juu na kuacha bakuli tupu nyuma ya tuta la mawe. Yaani uzuri tuliokuwa tunaupiga picha, kule na hapa, ni kidonda. Kule kidonda ni kikubwa na barafu iliyobaki ni nyingi, kwa hivyo kinapendeza sana. Hapa mgonjwa amekaribia kumalizika, hata damu imekuwa kidogo.

Samahani kwa lugha hiyo, lakini hesabu zenyewe zinasema hivyo. Lewis ni mojawapo ya barafu za nchi za joto zilizopimwa kwa muda mrefu zaidi duniani. Kuna ramani ya 1934. Kuna kazi ya Stefan Hastenrath wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliyeifuatilia kwa miongo kuanzia miaka ya sabini. Kati ya 1934 na 2010 Lewis ilipoteza asilimia 79 ya eneo lake na asilimia 90 ya ujazo wake. Barafu ya Gregory, jirani yake, ilikuwa imeisha kufikia 2011. Mwaka 2014 Lewis yenyewe ikakatika vipande viwili. Wakati wa Mackinder mlima ulikuwa na barafu 18. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema kwamba barafu zote za Afrika huenda zikaisha kufikia miaka ya 2040, na za Mlima Kenya mwongo mmoja kabla ya hapo. Nikihesabu vidole, nitakuwa bado sijafika miaka arobaini.

Nisidanganye kuhusu sababu. Barafu zilianza kurudi nyuma mwishoni mwa karne ya 19, wakati mvua zilipopungua Afrika Mashariki na maji ya maziwa yetu makubwa yakashuka. Barafu ya ikweta haili baridi tu, inakula theluji. Ikikosa mlo wa juu, inajila. Baadaye joto la dunia likaongezeka juu ya njaa hiyo, na ndilo linalomalizia. Moshi mwingi wa joto hilo haukutoka Naro Moru.

Na nisidanganye pia kuhusu maji. Huwa tunaambiwa barafu ikiisha mito itakauka. Tana na Ewaso Ng'iro zinategemea zaidi mvua na msitu unaozunguka mlima kuliko barafu. Ukitaka kulia kwa ajili ya maji, lilia miti. Nililiambia hilo kwa binamu tukishuka, nikidhani nampa moyo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa kama hata maji si yake, tutasema ilikuwa ya nini?"

Sikuwa na jibu. Babu zetu hawakuipima kwa mita za ujazo. Kwa Wakikuyu pale juu ni Kĩrĩnyaga, makao ya Ngai, na watu walisimama wakielekea huko walipoomba. Jomo Kenyatta alikiita kitabu chake cha 1938 kwa mtazamo huo huo wa kuelekea mlima. Miaka ya hamsini, wapiganaji wa msitu chini ya Waruhiu Itote, yule Jenerali China, walijificha kwenye miteremko yake huku ndege zikiangusha mabomu. Weupe ule ulikuwa unaonekana na wote, aliye msituni na aliye kwenye kijiji kilichozungushiwa mitaro. Guka alikuwa mtoto kwenye kijiji kama hicho. Anasema asubuhi ulikuwa ukitazama juu kwanza, kabla ya kutazama askari.

Wenzetu wa Aisilandi, barafu yao moja iitwayo Ok ilipotangazwa kuwa imekufa mwaka 2014, hawakunyamaza. Agosti 2019 walipanda kule juu, waziri mkuu akiwepo, wakaweka bamba lenye ujumbe kwa watu watakaokuja. Sisi tutaweka nini? Ninaogopa najua. Tutaweka kibao kinachosema hapa palikuwa na barafu ya Lewis, iliyopewa jina la mtu ambaye hakuwahi kufika. Na wale manane watabaki pembeni ya orodha.

Nilifika kwa guka siku ya tatu baada ya kushuka, nikitembea kama mtu aliyepigwa. Alikuwa ameketi nje, anachambua njahi. Nikamwambia: iko, guka, lakini imebaki kidogo. Imekatika mara mbili. Chini yake kuna maji, na vipande vinaelea.

Hakushtuka. Akaendelea kuchambua. Kisha akauliza, "Na vile vijiti vyetu?"

Nikamwambia sikuviona. Hapakuwa na barafu ya kuvishikilia.

Akatikisa kichwa. Kisha, bila mimi kuuliza, akaanza kunitajia watu aliobeba nao. Yule wa Kiamathaga aliyeweza kubeba masanduku mawili. Yule aliyeimba. Yule aliyeanguka kwenye ufa na wakamtoa kwa kamba, akashuka, hakurudi tena. Nikamwambia guka, ngoja. Nikaingia ndani, nikatafuta daftari lililobaki la chuoni, lenye kurasa tupu upande wa nyuma, nikatoka nikaketi kwenye kigoda.

Majina tisa tuliyapata siku hiyo. Mmoja anakumbukwa jina moja tu. La babake limempotea. Guka alisema Jumapili ataulizia kanisani, yuko mzee mmoja wa huko anayeweza kujua.